Geji Haioni Mafuta

Geji ya uwiano wa hewa na mafuta ilikuwa inasoma 17.2, na moshi uliotoka nyuma ya gari ulikuwa mweusi.

Hayo mawili hayakai pamoja. Kwa petroli, 17.2 maana yake hewa imezidi na mafuta hayatoshi. Moshi mweusi unasema kinyume chake kabisa. Kijana aliyekuwa ameshika kompyuta mpakato aliiamini namba. Akaongeza mafuta kwenye ramani, yaani jedwali linaloiambia kompyuta ya injini imwage mafuta kiasi gani, sehemu ya mzunguko wa chini. Injini ikaanza kutetemeka. Geji ikapanda hadi 17.8.

"Kaka, bado inasema haijashiba," akaniambia, akanyoosha kidole aongeze tena.

Tukazima, tukafungua plagi. Ya kwanza ilitoka na masizi makavu, laini, yanayobaki kidoleni hata ukifuta mara mbili. Kauri nyeupe haikuonekana kabisa. Chini kwenye nyuzi kulikuwa na petroli mbichi, inanuka. Ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Sensa inayoipa geji namba ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi siku hiyohiyo. Nyaya zilikuwa sawa. Kidhibiti, kile kifaa kinachoiendesha sensa, kilikuwa kizima.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kifaa kibovu kikidanganya, tunajua la kufanya: tunakibadilisha. Hapa kifaa kilikuwa kizima, kinafanya kazi yake ipasavyo, na bado kilikuwa kinatuongoza kuizamisha injini kwenye petroli.

## Kinachopimwa ni nini hasa

Sensa ya oksijeni haioni mafuta. Haijawahi kuyaona. Inachokiona ni oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi, na kutokana na hiyo kompyuta inakadiria ni mafuta kiasi gani yaliingia.

Sensa za zamani, zile za narobendi (za kipimo finyu) ambazo Bosch waliziingiza sokoni mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo, zilijibu swali moja tu: hewa imezidi au imepungua? Volti inaruka ghafla pale karibu na 0.45, juu yake mafuta yamezidi, chini yake hewa imezidi. Kwa masega ya katalisti, yanayosafisha moshi kwenye ekzosi, hilo linatosha. Kwa mtu anayetyuni injini halitoshi, kwa sababu anataka kujua yamezidi kwa kiasi gani.

Waidibendi, yaani sensa ya kipimo kipana, inajibu hilo, na namna inavyojibu ni nzuri ajabu. Ndani yake kuna kichumba kidogo sana ambamo gesi ya ekzosi inaingia kupitia tundu jembamba. Seli moja ya zirkonia, inayoitwa seli ya Nernst kwa jina la mkemia wa Ujerumani Walther Nernst, inalinganisha oksijeni ya kichumba na oksijeni ya rejea na kutoa volti. Seli ya pili ni pampu. Ukiipa umeme upande mmoja inatoa oksijeni kichumbani. Ukigeuza umeme inaingiza. Kidhibiti kina kazi moja: kuhakikisha seli ya Nernst inabaki milivolti 450, yaani kichumba kibaki bila hewa kuzidi wala mafuta kuzidi.

Ni kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaovuja, anayeteka maji na kuyamwaga nje ili yasipande wala kushuka kutoka kwenye alama moja. Ukitaka kujua mtumbwi unavuja kiasi gani, huhitaji kuliona tundu. Mwangalie yeye anamwaga kwa kasi gani.

Namba kwenye geji ni kasi ya huyo mtu. Ni umeme wa pampu, uliotafsiriwa kuwa lamda (1 ni mchanganyiko sawa, juu yake hewa imezidi, chini yake mafuta yamezidi), kisha lamda ikatafsiriwa kuwa uwiano wa hewa na mafuta.

Kwa hiyo kila oksijeni inayoingia kichumbani inahesabiwa. Sensa haiulizi ilitoka wapi.

## Oksijeni isiyotoka kwenye mwako

Chukua injini ya silinda nne. Tuseme mchanganyiko uko sawa kabisa kwenye silinda zote, lamda 1, halafu silinda moja ikamisi, yaani ikashindwa kuwaka. Hewa yake yote inatoka kwenye ekzosi ikiwa na oksijeni yake, na mafuta yake yanatoka mabichi. Robo ya gesi inayopita kwenye sensa sasa ni hewa ambayo haikuungua, kwa hiyo oksijeni kwenye bomba inakaribia asilimia 5.

Utasema: na yale mafuta mabichi je, si yamo humohumo? Yamo. Platini iliyo kwenye sensa inaunguza baadhi yake, lakini haimalizi yote. Oksijeni inapenya kwenye lile tundu jembamba kwa wepesi kuliko molekuli nzito za petroli. Matokeo yake geji inapanda na kusema injini ina njaa, wakati plagi zinadondosha petroli.

Ndicho kilichokuwa kinatokea kwenye ile gari. Lakini hilo lilijibu nusu tu ya swali langu. Kwa nini ilianza kumisi? Kijana aliapa kwamba kabla hajagusa chochote injini ilikuwa inaunguruma vizuri, na geji ilikuwa tayari inasoma juu ya 16.

Jibu lilikuwa kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi, pale bomba linapoungana na injini. Sehemu moja ilikuwa na alama ya masizi, mstari mwembamba mweusi uliotawanyika kuelekea nje. Watu wengi wanadhani tundu la ekzosi linatoa gesi tu, haliingizi hewa. Kwenye mzunguko wa chini linafanya yote mawili. Gesi inatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba linashuka chini ya lile la nje. Hapo hewa inavutwa ndani. Kidogo tu, lakini injini ikiwa chini gesi yenyewe ni kidogo, kwa hiyo hiyo hewa ina uzito mkubwa kwenye hesabu.

Sasa ona jinsi mambo yalivyofuatana. Gasketi inavuta hewa, sensa inasoma oksijeni, geji inasema mafuta hayatoshi. Kijana anaongeza mafuta. Mafuta yanazidi, plagi zinajaa masizi, cheche inashindwa, silinda inamisi. Kumisi kunaleta oksijeni zaidi. Geji inapanda. Kijana anaongeza tena.

Kila hatua ilikuwa na mantiki yake.

Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu kijana kimoyomoyo. Alikuwa amefundishwa kwamba namba ikipanda, ongeza mafuta. Hakuna aliyemwambia kwamba namba hiyo inaweza kupanda kwa sababu zisizohusiana kabisa na mafuta.

## Pa kuchomelea nati

Ufungaji watu huupitia haraka ili wafike kwenye kompyuta. Mimi naona nusu ya kutyuni iko hapa, na ukikosea hapa hakuna programu itakayokuokoa.

Sensa ikae upande wa juu wa bomba, kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa ukizungukia juu. Angalau nyuzi 10 juu ya mstari wa ulalo. Sababu ni maji. Kila mwako unatengeneza mvuke, na bomba likiwa baridi mvuke unageuka matone. Kauri ya sensa ya LSU 4.9, modeli ya waidibendi ya Bosch, inafanya kazi kwenye nyuzi joto 780. Tone moja la maji likiigusa ikiwa kwenye joto hilo, inapasuka. Haipasuki kwa kishindo. Inapata ufa usioonekana, inaendelea kutoa namba, na namba hizo si za kweli.

Kwa sababu hiyohiyo usiwashe hita iliyo ndani ya sensa kwa muda mrefu kabla ya kuwasha injini, maana matone yaliyolala bombani yatarushwa na pigo la kwanza la gesi. Na kinyume chake pia ni kibaya: sensa ikikaa kwenye bomba la injini inayofanya kazi huku hita haina umeme, masizi yanaijaa. Ukiitoa waya, itoe na sensa yenyewe, kisha ziba tundu kwa boliti.

Kwenye injini ya turbo, iweke baada ya turbo. Kabla ya turbo joto ni kali mno, na shinikizo linapotosha kipimo: mchanganyiko mzito unasomeka mzito kuliko ulivyo. Hebu fikiria maana yake. Geji inakuambia una mafuta ya kutosha na ya ziada, wewe unapunguza, na unapunguza pale pistoni inapohitaji ulinzi zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Mbele ya masega, mbali na mwisho wa bomba ambako hewa ya nje hurudi ndani. Nyuzi za nati inayochomelewa kwenye bomba kushika sensa ni M18 kwa 1.5, na nguvu ya kukazia ni Nm 40 hadi 60. Silikoni usiisogeze karibu. Mvuke wa silikoni kutoka kwenye gundi ya gasketi unaua sensa, kama vile risasi iliyo kwenye mafuta na maji ya rejeta yenye kizuia kuganda yanavyoiua.

## Waya mmoja wa ethi

Baada ya gasketi kubadilishwa na plagi mpya kuwekwa, injini ilitulia. Nilidhani tumemaliza. Halafu nikaona geji ya dashibodi inasoma 12.5 na kompyuta ya injini, kwa sekunde hiyohiyo, inaandika 12.7.

Tofauti ya 0.2. Mtu angesema si kitu.

Kidhibiti kile kilikuwa kinapeleka kipimo kwenye kompyuta kwa waya wa volti, sifuri hadi 5, ambapo volti sifuri ni uwiano wa 10 na volti 5 ni 20. Kila volti moja ni hatua mbili za uwiano. Kwa hiyo 0.2 ni sehemu moja tu ya kumi ya volti, na sehemu ya kumi ya volti inapatikana kirahisi sana: funga ethi (waya wa kurudisha umeme) ya kidhibiti kwenye bodi ya gari upande huu, na ethi ya kompyuta kwenye injini upande ule. Chuma kilicho katikati, rangi, kutu, boliti iliyolegea, vyote vina ukinzani. Hita ya sensa inavuta umeme mwingi kupitia hapo, na umeme ukipita kwenye ukinzani unaacha volti nyuma yake.

Kibaya zaidi, hita haivuti umeme kwa kiwango kimoja. Gesi ikipoa inavuta zaidi, ikichemka inavuta kidogo. Kosa lenyewe linacheza, na huwezi kulisahihisha kwa kutoa 0.2 kwenye jedwali.

Hapa kosa lilikuwa upande wa usalama. Kompyuta iliona mafuta machache kuliko yaliyokuwepo, nasi tungeongeza. Geuza ethi hizo upande mwingine, kompyuta ingeona 12.3 pale palipo na 12.5, na fundi angepunguza mafuta akidhani anatafuta nguvu.

Tulileta ethi ya ishara hadi pale pale inapoanzia ethi ya kompyuta, na ethi ya hita tukaipa njia yake. Tofauti ikaisha. Kama kidhibiti chako na kompyuta yako vinazungumza kwa CAN, mtandao wa data wa gari, tumia CAN. Namba inapita kama namba, wala haijali volti ya bodi.

## Hewa safi, safi kweli

Urekebishaji wa hewani una wazo rahisi: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kila mahali duniani, kwa hiyo itumie kama kipimo cha kuanzia. Sensa inatolewa kwenye bomba, inaachwa ipate joto, inaning'inizwa hewani, kidhibiti kinaambiwa: hii ndiyo 20.9.

Shida ni kwamba kidhibiti kitakuamini. Ukiifanya kazi hiyo kwenye gereji iliyofungwa huku gari jingine linaunguruma, au kuna beseni la petroli la kuoshea vyuma hatua chache tu pembeni, hewa unayoionyesha sensa si 20.9. Umeandika uongo kwenye msingi, na kila namba itakayokuja baadaye itajengwa juu yake. Unyevu nao unachukua nafasi: mvuke wa maji ukiwa mwingi kwenye hewa ya joto, sehemu ya oksijeni inashuka kidogo. Mimi huifanya asubuhi, nje, kabla injini yoyote haijawashwa, na sensa naishika kwa waya tu kwa sababu ncha yake inaunguza vibaya.

Si kila sensa inadai hivyo. LSU 4.2, ambayo ni ya zamani zaidi, inapata hewa ya rejea kupitia waya zake, na inahitaji kurekebishwa mara kwa mara inapozeeka. LSU 4.9 inajitengenezea oksijeni ya rejea kwa umeme mdogo wa pampu, na vidhibiti vingi vinavyoitumia havikuombi chochote. Zote mbili zina rezista ndogo ndani ya soketi, iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja. Anayekata soketi ili arefushe waya amekata na kipimo cha sensa yake. Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na huwa linaniuma, maana kazi yenyewe ya waya huwa imefanywa kwa ustadi.

## Acheni 14.7

Nitasema haraka. Sensa inajua lamda tu. Geji inazidisha lamda kwa 14.7 kwa sababu imeambiwa petroli ni 14.7. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaungua sawasawa kwenye karibu 14.1; E85, mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85, kwenye karibu 9.8. Geji itaonyesha 14.7 kwa yote matatu. Watu wawili wakibishana kuhusu 12.5 ilhali mmoja ana ethanoli kwenye tangi, hawabishani kuhusu kitu kimoja. Ukisema lamda 0.85, unamaanisha jambo lilelile kwa mafuta yoyote. Weka geji yako kwenye lamda, uizoee, ndani ya muda mfupi hutataka kurudi.

## Kuihoji namba

Kilichobadilika kwangu baada ya haya yote ni kwamba siiruhusu tena namba iguse ramani ya mafuta kabla sijaijaribu. Kuna majaribio mawili ninayoyapenda, na yote hayahitaji kifaa cha ziada.

La kwanza: ongeza mafuta asilimia 10 kwenye sehemu ambapo injini imetulia, halafu usiangalie namba, angalia mwendo wake. Kama nozeli, zile zinazomwaga mafuta, zimewekwa vizuri kwenye kompyuta, lamda inapaswa kushuka hadi kama asilimia 91 ya ilivyokuwa. Kutoka 1.00 hadi 0.91. Ikishuka hivyo, sensa inauona mwako. Ikishuka nusu tu, kuna kitu hakiko sawa, pengine nozeli zimewekwa ovyo. Ikipanda, ondoa mkono kwenye kibodi. Silinda inamisi, na kila tone unaloongeza linazidisha tatizo.

Jaribio hili lingechukua nusu dakika kwenye ile gari. Nalifikiria sana.

La pili: endesha, fika kasi ya kutosha, ondoa mguu kabisa huku gia imeingia. Kompyuta inafunga nozeli. Sasa injini ni pampu ya hewa tu, na hewa hiyo inapita kwenye sensa. Namba inapaswa kupanda hadi mwisho wa kipimo, upesi. Ikifika taratibu, sensa imechoka au imejaa masizi. Isipofika, ama inachoka, ama nozeli moja haifungi. Ni kama kuijaribu sensa hewani bila kushika spana, na unaweza kuutazama kwenye kumbukumbu za kila safari.

Linganisha pia mzunguko wa chini na wa juu. Hewa imezidi chini lakini juu kila kitu kiko sawa? Tafuta tundu kwenye ekzosi kabla hujagusa ramani.

## Sensa moja, silinda nne

Bado kuna jambo moja ambalo majaribio yote hayo hayaligusi. Sensa iliyo kwenye bomba la pamoja inasoma wastani. Silinda tatu zikiwa kwenye 0.83 na moja kwenye 0.95 kwa sababu nozeli yake imeziba kidogo, geji itasema karibu 0.86, na kwa injini ya turbo hiyo inaonekana ya kukaribia kuridhisha. Ile moja inaungua peke yake. Ikianza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, sensa ya oksijeni haina la kusema, kwa sababu kugonga hakubadilishi oksijeni.

Ndiyo maana nozeli huzipeleka kupimwa mtiririko kabla ya kutyuni injini yoyote inayojazwa hewa kwa turbo, na sikio langu naliweka kwenye kugonga hata geji inaponipendeza.

Na ndiyo maana siupendi ule mfumo wa kompyuta kujirekebisha wenyewe unapoachwa wazi. Kompyuta inafanya alichofanya yule kijana, kwa kasi zaidi, bila kusikia injini inavyotetemeka wala kuona moshi. Siupingi kabisa, kwenye mwendo wa kawaida barabarani unaokoa saa nyingi za kazi. Ila naufungia mipaka: asilimia 5 juu, asilimia 5 chini. Kwenye mzunguko wa chini nauzima, kwenye injini ya baridi nauzima, na kwenye mzigo mkubwa nauruhusu kuongeza mafuta lakini si kupunguza. Mfumo ukifika mpaka wa asilimia 5 na kubaki hapo, nauchukulia kuwa ombi la kufungua boneti, na naanza na gasketi, naenda kwenye ethi, namalizia na nozeli.